“Nani Ana Canter?”: Kumpata Mteja kwa Maneno Anayoandika Mtandaoni

Kila mwisho wa mwezi, kuanzia tarehe 25 hivi hadi tarehe 5, watu wengi mjini wanafunga magodoro kwa kamba. Kodi ya nyumba nyingi hulipwa kufikia tarehe 5, kwa hivyo anayetaka kutoka hutoka kabla landlord hajaanza kuhesabu mwezi mwingine. Na siku chache kabla ya kufunga godoro, mtu huandika. “Wadau, nani anajua mover poa? Natoka Kasarani naenda Ruaka Saturday.” Anaandika kwa X, ama kwa grupu ya Facebook ya mtaa wake. Kabla ya jioni ashaelewana na mtu. Na wewe mwenye Canter, uliyebandika karatasi zenye namba yako kwa milingoti ya stima kuanzia Mwiki hadi Githurai, hukujua kama kuna mtu ameuliza.

Kufuatilia maneno mtandaoni ndiko kunakoziba pengo hilo. Unachagua maneno ambayo mtu mwenye shida unayoitatua angeandika, unayatafuta kila siku, kisha unamjibu akiwa bado na hiyo shida. Hauhitaji kulipia tangazo. Unahitaji bando, dakika ishirini asubuhi na zingine jioni, na kujua vile wateja wako wanaongea. Hilo la mwisho ndilo wengi hukosea, kwa hivyo tutakaa hapo kidogo.

Mteja hataji biashara yako, anataja shida yake

Mwenye biashara akiambiwa achague maneno ya kutafuta, mara nyingi huandika yale yaliyo kwa banner yake: “professional movers”, “relocation services Nairobi”. Ukitafuta hayo, utapata washindani wako. Ni wao wanaoandika hivyo. Mteja huandika “nahama”, “nashift”, “kuna mtu ako na pickup Rongai?”, “nani atanibebea vitu kutoka Umoja”.

Ni hivyo kwa kazi karibu zote. Anayetafuta fundi wa friji haandiki “refrigerator repair”, anaandika “friji yangu haigandishi” ama “friji inavuja maji chini”. Mwenye lori la maji asitafute “water bowser” peke yake; atafute “maji imepotea” na “hatuna maji” pamoja na jina la mtaa. Anayeoka keki atampata mzazi anayelalamika kwamba mtoi anafikisha mwaka mmoja na hajui aanzie wapi.

Njia rahisi ya kupata maneno haya ni kufungua WhatsApp yako mwenyewe. Rudi nyuma kwa wateja ishirini wa mwisho, usome ule ujumbe wa kwanza kabisa waliokutumia, kabla hujawajibu. Nakili maneno yao vile yalivyo, pamoja na makosa ya tahajia. Aliyeandika “movas” hayuko peke yake.

Viambishi vinakuambia mteja yuko hatua gani

Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa kufikiria Kiingereza, na kwa Kiingereza neno halibadiliki sana. Kwa Kiswahili, nani anafanya na lini anafanya viko mwanzoni mwa neno, vimeshikana na kitenzi. Ukiandika “hama” kwa kisanduku cha kutafutia cha X, hutaletewa “nahama”, kwa sababu mtambo unatafuta neno zima, si kipande chake. Lazima uandike kila umbo unalolitaka: nahama, ninahama, tunahama, nahamia, kuhama.

Inaonekana ni kazi ya ziada, lakini ni faida kubwa, maana viambishi hivyo vinakuambia ni nani wa kujibiwa kwanza. “Nahama” ni mtu aliye njiani. Mjibu sasa hivi. “Tunahama” ni familia ama watu wanaoishi pamoja, kwa hivyo huenda kuna friji, sofa na kitanda cha sita kwa sita, na pikapu haitatosha. “Nitahama” mara nyingi ni hasira za leo: jirani amepiga muziki usiku kucha. Huyo muache. “Nimehama” amekupita wewe wa lori, lakini ni mteja mzuri sana kwa anayeuza mapazia, anayejaza gesi ama anayefunga intaneti nyumbani. “Anahama” maana yake ni kwamba anayeandika ni dada, rafiki ama mtoto wa mwenye kuhama, na itabidi upitie kwake kwa adabu.

Halafu kuna wale ambao hawajafika kwa neno “kuhama” bado. “Natafuta keja Roysambu, bedsitter, kuwe na maji.” “Landlord ameongeza rent tena.” “Nimepewa notice.” Hao watahitaji lori, lakini si leo. Ukimrukia mtu anayelia kuhusu notice na bei ya Canter, utaonekana huna utu. Kama unajua nyumba iliyo wazi mtaani, mwambie. Kama hujui, andika jina lake la mtandaoni kwa daftari na uangalie tena tarehe 27.

Kuondoa kelele

Ukianza kufuatilia “kuhama”, wiki ya kwanza utacheka. Utapata wanasiasa wanaohama vyama. Utapata mashabiki wa Arsenal wanaotangaza, baada ya kila sare, kwamba wamehama timu. Utapata wanaotaka kuhamia Canada, na wanaotisha kuhama mtandao mmoja wa simu kwenda mwingine. Hakuna hata mmoja wao anayetaka lori lako.

X ina alama chache za kupunguza kelele hizi. Maneno ukiyaweka ndani ya alama za kunukuu hutafutwa yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. OR kwa herufi kubwa inamaanisha “hili ama lile”. Alama ya kutoa ikiwa imeshikana na neno hulifukuza neno hilo. Na -filter:links huondoa posti zenye linki, ambazo nyingi ni matangazo ya washindani. Mwenye Canter aliye Kasarani anaweza kuanza hivi:

(nahama OR tunahama OR nahamia OR nashift) (Kasarani OR Roysambu OR Ruaka OR Ruiru OR Juja) -chama -Arsenal -filter:links

Ya pili iwe ya wanaouliza moja kwa moja:

(“nani ako na” OR “nani ana” OR natafuta OR “mnajua”) (mover OR movers OR canter OR pickup) -filter:links

Matokeo yakitokea, gusa kichupo cha Latest. Kile cha Top hukuletea posti zilizopendwa sana, hata kama ni za mwezi uliopita, na mtu aliyehama mwezi uliopita hana haja na wewe. Kisha hifadhi huo utafutaji kwa akaunti yako ili kesho usiandike upya.

Kuna njia ya kuiambia X itafute posti za eneo fulani kwa kilomita, lakini Wakenya wengi hawaonyeshi mahali walipo wanapoposti. Majina ya mitaa yanafanya kazi vizuri zaidi. Andika na yale ya mdomoni: Rongai ni “Rongai”, “Ronga” na “Diaspora”. Asiyejua hilo la Diaspora hajawahi kukaa jam ya Magadi Road.

Mahali pa kutafutia

X ni rahisi kwa sababu karibu kila kitu kiko wazi. Facebook ndiko kuna watu wa mtaa. Posti nyingi za kuuliza ziko ndani ya grupu: grupu ya mtaa, ya wapangaji, ya kina mama wa eneo fulani. Jiunge na chache, tano au sita za mahali lori lako linafika, si hamsini. Ndani ya grupu kuna alama ya kioo cha kutafutia. Andika neno lako hapo na upange matokeo kuanzia mapya. Soma sheria za grupu kabla ya kuandika chochote. Zingine zina siku moja ya matangazo kwa wiki, na admin hatakuonya mara mbili. Kama wewe mwenyewe ndiye admin wa grupu, Facebook ina mpangilio wa kukuarifu neno ulilochagua likiandikwa.

TikTok na Instagram zinahitaji njia tofauti. Watu hawaulizi kwa video zao, wanauliza kwa komenti za video za wengine. Tafuta video za “house hunting” za mtaa wako, zile za mtu anayezunguka akionyesha bedsitter na bei zake, usome komenti. Anayeuliza “hii bado iko?” anatafuta nyumba. Anayeuliza “iko ghorofa ya ngapi?” tayari anafikiria vitu vyake vitapandaje.

WhatsApp haiwezi kufuatiliwa kutoka nje, na ni vizuri hivyo. Utaona tu yaliyo kwenye grupu ulizomo. Google Alerts ni ya bure na hukutumia barua pepe neno lako likitokea kwa tovuti, lakini haiingii ndani ya grupu za Facebook wala WhatsApp. Kwa mwenye lori itakuletea kidogo sana. Kwa anayeuzia ofisi ama shule, inaweza kumsaidia kuona habari za tawi jipya linalofunguliwa.

Na vile vifaa vya kulipia? Vipo, na vinafanya kazi. TweetDeck, iliyotumika bure miaka mingi kuangalia maneno mengi kwa pamoja, ilibadilishwa jina kuwa X Pro na kuwekwa kwa wanaolipia mwaka 2023. Maoni yetu ni kwamba mtu mwenye lori moja hana haja navyo. Ukifika mahali unajibu watu thelathini kwa siku na unawapoteza wengine, hapo sasa fanya hesabu.

Kujibu bila kuwa kero

Jibu baya tunalijua sote: “Hello dear, for the best moving services contact us today 07…” Limebandikwa chini ya posti hamsini, neno kwa neno. Watu hulipita, na X yenyewe huhesabu majibu ya kujirudia kama spam na inaweza kuzuia akaunti yako.

Jibu zuri huanza na kitu ambacho mtu anakihitaji hata kama hatakupa kazi. “Uko ghorofa ya ngapi? Kama ni bedsitter isiyo na friji kubwa, pikapu inatosha, usilipie Canter.” Ndiyo, umejipunguzia bei. Lakini posti ile inasomwa na wengine kumi wanaohama mwezi ujao, na wote wameona kwamba hukujaribu kumkamua mtu. Uliza maswali yale yale ambayo ungeuliza kwa simu: kutoka wapi kwenda wapi, ghorofa, kama lori linafika mlangoni, na kama caretaker anakubali watu kuhama Jumapili. Kisha taja bei ama angalau bei ya kuanzia. “Njoo inbox nikwambie bei” humfanya mtu ashuku kwamba bei inategemea simu anayotumia.

Jibu mara moja. Akinyamaza, nyamaza pia. Kumfuata mtu inbox, halafu kwa Instagram, halafu kumtafuta Facebook, si ubidii wa kazi. Unamtisha.

Jambo moja ambalo ni zito kuliko mauzo. Mtu aliyeandika hadharani kwamba anahama Jumamosi ametangaza kwamba vitu vyake vyote vitakuwa nje Jumamosi. Wanaofuatilia neno “nahama” si wafanyabiashara peke yao. Usimwambie aandike jina la ploti, namba ya nyumba ama namba ya simu chini ya posti. Akiwa ameshaziandika, mshauri azitoe, hata kabla hujataja bei.

Malalamiko pia yanafaa kufuatiliwa: “movers wamenivunjia TV”, “walifika wakabadilisha bei”. Usiingie hapo kujiuza juu ya maumivu ya mtu, na usimchafue mwenzako. Soma tu. Ukisoma malalamiko kumi ya aina hii utajua wateja wanaogopa nini hasa: bei kuongezwa mlangoni, vitu kuvunjika, na lori kufika saa kumi jioni badala ya saa mbili asubuhi. Yaandike hayo kwa ukurasa wako kama mambo unayoyaahidi, halafu uyatimize.

Sheria inasemaje

Kusoma posti iliyo wazi na kuijibu hapo hapo hakuna shida. Shida huanza unapokusanya. Ukichota namba za simu za watu kutoka kwa posti na kuzitumia ujumbe wa matangazo, unagusa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 37 kinataka uwe na ridhaa ya mtu ya wazi kabla ya kutumia data yake kibiashara, ama uwe umeruhusiwa na sheria na yeye awe alielezwa hivyo ulipoichukua. Kwamba aliandika namba yake Facebook akitafuta nyumba si ridhaa ya kutumiwa SMS za lori.

Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, ama asilimia 1 ya mapato ya biashara ya mwaka uliotangulia, ile iliyo chini kati ya hizo mbili. Usifikirie ni maneno ya karatasi tu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Kwa hivyo hata ile picha nzuri ya sofa ya mteja ikipanda lori, yeye akiwa amesimama kando, muulize kwanza.

Pesa ikianza kusonga

Mteja uliyempata kwa barua ya jirani anakuamini kidogo. Uliyempata kwa X hakujui kabisa, na huenda ashatumia mtu deposit akafungiwa simu. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufa. Bei imekubaliwa, siku imepangwa, kisha unamwambia “tuma elfu mbili kwa hii namba” na jina linalotokea ni la shemeji yako.

Tumia till ama paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara, na jina hilo liwe lile lile lililo kwa ukurasa wako wa mtandaoni. Mwambie kabla: “Jina litakalotokea ni hili, likitokea lingine, usilipe.” Omba deposit ndogo, ya kukuhakikishia mafuta na siku, na salio lilipwe vitu vikishashushwa. Mtumie kwa maandishi mlichokubaliana: tarehe, saa, kutoka wapi kwenda wapi, bei yote, na kile kitakachofanya bei ibadilike. Mistari mitano inatosha.

Nawe pia jilinde, kwa sababu si kila anayeandika “natafuta mover” anatafuta mover. Wako wanaotuma ujumbe wa malipo uliotengenezwa. Usiangalie picha ya skrini aliyokutumia, angalia salio lako ama orodha ya malipo ya till. Wako pia wanaosema wametuma pesa nyingi kimakosa na wanataka urudishe tofauti haraka kwa namba nyingine. Usirudishe kwa mkono. Mwelekeze apige simu kwa huduma kwa wateja ya mtandao alioutumia ili malipo yarudishwe kwa utaratibu. Na hakuna kazi ya lori inayohitaji PIN yako, iwe ni yeye anauliza ama mtu anayejiita mfanyakazi wetu.

Hesabu ya mwezi

Weka daftari, ama karatasi ya hesabu kwa simu. Andika tarehe, neno lililokuletea mtu, mahali ulipompata, kama alijibu, kama alilipa. Ukiwa na paybill kuna njia rahisi zaidi: mwambie mteja aweke kifupi kwa sehemu ya namba ya akaunti, kwa mfano XRUAKA kwa aliyetoka X ama FBJUJA kwa aliyetoka grupu ya Facebook ya Juja. Mwisho wa mwezi taarifa yako ya malipo itakuwa imejipanga yenyewe. Till haina sehemu hiyo, kwa hivyo hapo daftari ndilo la kutegemea.

Tuseme umejibu watu 40, 12 wakaendelea na mazungumzo, 4 wakahama na wewe. Usiangalie hiyo 4 peke yake. Angalia ni maneno gani yaliyoileta. Mara nyingi utakuta neno moja ama mawili yamebeba kazi yote, na mengine yamekula bando tu. Futa yaliyokula bando. Ongeza mawili mapya uliyoyasikia kwa wateja mwezi huo, halafu uyajaribu wakati wake: mwisho wa mwezi kwa wapangaji wa kawaida, Januari kwa familia zinazofuata shule, na wakati wanafunzi wanapofungua ama kufunga vyuo kwa maeneo ya Juja na Kahawa. Wanafunzi hawaandiki “nahama”. Wengi huandika “nani ana Probox”, na vitu vyao vinatoshea humo.